Barua ya wazi: Njooni muyaone maua ya korongo la Chimala kabla ya mvua

Matamba, Makete
Oktoba

Kwa waheshimiwa viongozi wote wenye dhamana ya ardhi, maji, barabara na misitu, upande wa Makete na upande wa Mbarali.

YAH: KORONGO LA MTO CHIMALA NA MAUA YAKE YA MWANZO WA MSIMU

Waheshimiwa, shikamooni.

Nimetoka korongoni asubuhi hii na viatu vyangu bado vina majivu. Mvua hazijafika. Upepo wa Oktoba unapuliza vumbi la barabara mpaka ndani ya nyumba, ng'ombe wanashinda mtoni kwa kukosa majani, na mteremko wa juu wote ni mweusi kwa moto wa wiki mbili zilizopita. Katikati ya weusi huo yametoka maua. Ndiyo sababu nimeshika kalamu, maana kila ninapoyasema kwa mdomo naambiwa nisubiri Januari, maua yatakuwa mengi, wageni watakuja. Ya Januari nayajua. Ninayowaandikia ni ya sasa.

Mimi ni mkulima wa viazi na mfuga nyuki. Mizinga yangu imetundikwa upande wa chini, pale maji yanapoacha uwanda wa juu na kujichimbia njia kwenda Usangu. Aliyewahi kupanda kutoka Chimala anaijua barabara yetu, Hamsini na Saba, iliyopewa jina kwa idadi ya kona zake. Abiria wengi wakifika kona za juu hugeukia upande wa mlima, wengine hufumba macho kabisa wakaanza kusali. Mwenye moyo wa kutazama upande wa pili anaiona Usangu yote imetandikwa chini kama mkeka, na karibu naye anaona magenge na makorongo yaliyochongwa na maji. Maua ninayoyasema yako humo.

Kuna kona moja, namba yake siitaji kwa sababu wachimbaji wa viazi vya maua nao wanasoma. Ukishuka hapo kwa miguu kama nusu saa unakuta bapa dogo la ardhi juu ya maji. Leo pametoka ua jekundu, duara kama mpira wa matambara wanaochezea watoto, halina hata jani moja. Shina lake limesimama wima kwenye udongo uliopasuka kwa ukavu, utadhani mtu amelichomeka. Nilipiga magoti nikalitazama. Ukilisogelea unagundua kwamba duara lile ni vijiua vyembamba vingi vilivyobanana, na kila kijiua kina nyuzi sita zenye chavua ya njano kwenye ncha. Nilihesabu nyuki kumi na mmoja juu yake kabla sijapotea hesabu. Wataalamu huliita Scadoxus. Bibi yangu hakulipa jina. Alisema tu, "Nimeliona," na siku hiyohiyo akaanza kunoa majembe. Majirani waliomuuliza atapanda lini walipewa jibu hilohilo, nao wakaenda kunoa ya kwao.

Siri ya ua hilo iko chini ya ardhi. Mvua za mwaka jana zilipokuwa zinanyesha, mmea ulijiwekea chakula kwenye kitunguu chake, kisha majani yakafa, ukalala kipupwe chote. Joto linaporudi mwezi wa tisa, unatoa ua kwa akiba hiyo, bila kungoja tone la maji. Na si huo peke yake. Chini zaidi, kwenye miombo, miti inavaa majani machanga mekundu kabla ya wingu lolote, mpaka mgeni anaweza kudhani msitu unakufa kumbe unaamka. Mwambangoma umesimama mtupu bila jani, una maua tu, mekundu kama makaa, na ndege aina ya chozi wanagombania asali yake tangu alfajiri. Kwenye nyufa za miamba mishubiri imebaki na vishada vya mwisho vya rangi ya chungwa. Miezi hii ndiyo ya njaa kwa nyuki wa huku juu. Korongo likinyamaza, makundi yanahama, na kundi likishahama halirudi kwa kuitwa.

Najua jibu la kwanza mtakalonipa: maua yanalindwa tayari, tunayo Kitulo. Ni kweli, na nashukuru. Uwanda ule ambao wenyeji tunauita Bustani ya Mungu ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Kuna aina zaidi ya 350 za mimea, okidi za ardhini peke yake zinafika aina 45. Nimewasindikiza wageni kule mara nyingi na bado kila nikifika nasimama kimya kwanza. Lakini mpaka wa hifadhi haushuki nasi korongoni. Wachimbaji, moto na majembe yaliyozuiwa kule juu hayakutoweka; yameteremka tu. Tulichokilinda juu tunakipoteza kwenye mteremko wake.

Na mteremko huu hauna mwenyewe. Juu ni Njombe, chini ni Mbeya. Maji yake yamo katika bonde la Rufiji, na bodi ya bonde hilo iko Iringa. Barabara ina wasimamizi wake, misitu ina wa kwake. Mwaka huu nimeingia ofisi nne, na kila moja ilinielekeza nyingine, kwa adabu kabisa. Kwa hiyo nimeona niwaandikie wote kwa pamoja, hadharani, ili asiwepo wa kuelekeza kwa mwenzake.

Nianze na uchimbaji, kwa sababu ndio unaoniuma zaidi.

Mnaijua chikanda. Viazi vya okidi, yaani mizizi yake minene, hutwangwa, huchanganywa na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, hupikwa mpaka vikashikana, kisha hukatwa vipande kama mkate. Ni chakula kinachopendwa sana Zambia, na Zambia okidi zao zimekwisha maeneo mengi, ndiyo maana wanunuzi wakavuka Tunduma kuja kwetu. Utafiti uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikadiria kwamba viazi vilivyokuwa vinatoka Tanzania kwenda huko vilifika milioni 4 kwa mwaka. Kitulo ilipata hifadhi kwa sehemu kubwa kutokana na hofu hiyo.

Mwezi wa tano nilikutana na vijana wawili kwenye mteremko ule, kiroba kimejaa nusu. Niliwaamkua, wakaitikia, tukakaa. Mmoja alinifungulia kiroba bila woga, maana hakuona kosa. Nikachukua mmea mmoja ambao alikuwa ameung'oa mzima, nikaugeuza. Chini yake kulikuwa na viazi viwili vilivyokaa kama mapacha. Kimoja kimesinyaa, ngozi imelegea, hicho ndicho kilicholisha ua la mwaka huu. Cha pili kigumu, kimejaa, cheupe ndani, na hicho ndicho kilichowekwa kwa ajili ya ua la mwaka ujao. Mnunuzi anataka kigumu. Kwa hiyo kijana anatupa kilichokwisha kazi na kubeba mwaka ujao, na mmea unaishia hapo. Na usidhani mbegu zitafidia haraka. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina chakula ndani yake, haioti mpaka ikutane na kuvu wa aina yake kwenye udongo, na ikiota inachukua miaka kufika kwenye ua.

Nilimuuliza yule kijana kiroba kile kingempa nini. Alivyonijibu, kisingetosha hata mfuko mmoja wa mbolea ya viazi.

Siwaandikii ili mwende kumkamata. Niliomba nipewe viazi vichache, akanipa, nikavifunga kwenye gazeti nikavipeleka ofisi moja ambayo sitaitaja. Aliyenipokea alivitazama, akaniambia, "Mama, hayo ni maua tu, na maua hayaliwi." Nikamwambia, haya yanaliwa, ndiyo maana yanakwisha. Akanicheka kidogo akanifungulia mlango. Okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na sisi ni wanachama. Ofisa anayesimamia eneo lenye okidi hapaswi kulisikia hilo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mfuga nyuki.

Oktoba ndiyo inayoonyesha hesabu. Mwezi wa tano unaona shimo, unajipa moyo kwamba nyasi zitaliziba. Sasa nyasi zimeungua, ardhi iko wazi, na unaweza kutembea ukaona vishimo vya jembe kimoja baada ya kingine, kama mtu aliyekuwa anapanda viazi akasahau kufukia. Upande ambao hawakufika, vichipukizi vimeanza kutokeza. Upande waliopita ni kimya.

Kuhusu moto nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Maua haya yamezoea moto. Nyasi zikibaki ndefu miaka mingi mfululizo zinayafunika, hayapati mwanga. Kwa hiyo tangazo la "ni marufuku kuchoma kabisa" halijawahi kufanya kazi huku na halitafanya. Tatizo ni tarehe. Moto wa Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu na asubuhi zina umande, hupita juu juu, na ikifika jioni umejizima. Moto wa mwisho wa Septemba hukuta nyasi kavu kabisa na upepo mkali, unapanda genge zima kwa saa moja, na unakuta machipukizi tayari yametokeza. Mwaka huu umeunguza maua yaliyokuwa yamefunguka juzi yake. Niliyaona, shina limesimama na kichwa kimekauka kama karatasi. Wanaochoma nawajua wote: mfugaji anayetafuta majani mabichi, mkulima anayesafisha shamba, na wenzangu wanaorina asali kwa mwenge usiku wakaacha cheche. Na sisi wafuga nyuki tumo, nalisema waziwazi. Tunachohitaji ni vijiji vya juu na vya chini vikubaliane juu ya wiki moja ya kuchoma mapema, chini ya usimamizi, na baada ya hapo kiberiti kifungwe mpaka mvua.

Halafu kuna kifusi. Mwaka jana mkandarasi mmoja alikuwa anapanua kona mbili za barabara. Kazi ya barabara naiheshimu. Nimewahi kukaa siku mbili chini ya Fuso lililokwama na viazi vyangu vikioza. Lakini udongo wote wa kona zile ulisukumwa na katapila ukamwagwa korongoni. Ulifunika mteremko ambao nilikuwa nauangalia tangu nikiwa msichana. Mvua ya kwanza kubwa iliposhuka, kifusi kikaingia mtoni, na maji yakawa mekundu kama chai ya maziwa kwa siku kadhaa. Watu wa mifereji huko chini walichota tope. Kulikuwa na nafasi ya kuuweka udongo ule kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, si mbali. Ni suala la mtu mmoja kusimama pale na kusema, "Msimwage hapa." Hakuwepo.

Na miti. Hapa naomba mnisikilize kwa utulivu, kwa sababu kupinga upandaji miti kunasikika kama wendawazimu. Kila Aprili tunaletewa miche, na kwa nia njema kabisa inapandwa kwenye miteremko ya nyasi kwa sababu inaonekana tupu. Milingoti, yaani mikaratusi, na misindano. Mteremko ule hauko tupu. Umejaa vitunguu na viazi vilivyolala, na vikiamka vinahitaji jua. Kivuli cha msindano kikishatanda, vinakufa gizani bila mtu kujua vilikuwepo. Na mlingoti ukiwa karibu na chemchemi, hakuna mzee wa Makete atakayewaambia chemchemi ile iliongezeka maji. Kama ni kupanda, pandeni kwenye mashamba yaliyochoka, pandeni kuni karibu na nyumba zetu, tutawashukuru. Nyasi za korongoni ziacheni zilivyo.

Kwa nini kiongozi mwenye shule za kujenga na zahanati zisizo na dawa ajali hayo yote? Kwa sababu ya maji. Mto Chimala unaingia Usangu, unanywesha mpunga wa Mbarali ambao Mbeya yote na Dar es Salaam wanaula, kisha unaungana na Ruaha Mkuu. Mnakumbuka kwamba mwaka 1993 Ruaha Mkuu, kwa mara ya kwanza, ulikatika ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi, ukabaki madimbwi ya viboko, na tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila mwaka. Mto huo ndio unaojaza mabwawa ya umeme, Mtera yenye megawati 80 na Kidatu yenye megawati 204. Nyasi za asili za miteremko hii hunyonya mvua ya masika na kuiachia taratibu mpaka kiangazi. Mahali ambapo maua ya Oktoba yanatoka yenyewe ni mahali ambapo udongo haujawahi kulimwa wala kusombwa. Ukitaka kujua mteremko upi bado unashika maji, huhitaji mashine, njoo mwezi huu utembee.

Sheria mnayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Barabara Hamsini na Saba, kifungu hamsini na saba: hata mtoto wa darasa la tatu hapa Matamba hawezi kukisahau. Lakini mita 60 hazionekani kwa macho. Kuna kinyungu kimoja, bustani ya kiangazi kando ya mto, nimekipima kwa hatua zangu, kimebakiza hatua tisa kufika majini. Mwenye kinyungu ni jirani yangu, mboga zake ndizo ninazokula, na namwelewa: hakuna aliyewahi kuja kumwonyesha mpaka unapita wapi. Siku mtakayomkuta na hatia mtakuwa mmemwonea.

Kwa hiyo naomba bikoni za mpaka ziwekwe pande zote mbili za mto, kuanzia huku juu mpaka Chimala, na zianze kabla ya masika haya. Wenye vinyungu wapewe msimu mmoja wa kuvuna na kuhama, na wasogezewe mahali pengine pa kulima kiangazi, maana bila vinyungu kuna nyumba hapa zinalala njaa. Kwenye mageti ya mazao, pale magunia ya viazi mviringo yanapohesabiwa moja moja, na viroba vya chikanda vifunguliwe. Kijana mwenye jembe awe wa mwisho kuulizwa. Wa kwanza awe mwenye gari. Mikataba ya barabara iandike wazi kifusi kitamwagwa wapi. Na watu wa Makete na wa Mbarali wakutanishwe mara moja, meza moja, juu ya tarehe ya moto. Hayo hayahitaji mfadhili.

Vijana wale wawili wamekubali jambo nililowaambia, na nataka mlijue. Mmoja nimempa mizinga miwili, anaitunza. Mwingine huwapitisha wageni wanaotoka Kitulo kwa miguu kuteremka genge, na anajua kila ua lilipo, kwa sababu alikuwa analitafuta kwa jembe. Hakuna mtu anayelijua korongo hili kuliko mchimbaji. Mkija na posho ya walinzi wa kijiji, waanzeni hao.

Maua ya sasa yatakuwepo kwa wiki tatu hivi, mvua ikichelewa labda nne. Nikiwa na afya, kila Jumamosi alfajiri nitakuwa pale barabarani kabla jua halijakaza. Magari yenu yanaweza kupanda mpaka kona za juu, halafu tutashuka kwa miguu. Vaeni viatu vya kushika ardhi, na koti, maana asubuhi bado kuna baridi. Dereva ataniona. Nitakuwa na kofia ya kurinia asali, nyeupe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima na mfuga nyuki,
Matamba